Steringi, Adui na Mtu wa Stoo

Aliyechelewa kuingia kibanda umiza alikuwa na swali moja tu. Hakuuliza picha inaitwaje wala imefika wapi. Alijibana kwenye benchi, akamgusa jirani yake begani, akanong'ona: "Steringi ni yupi?" Akishaonyeshwa, ametosheka. Kuanzia hapo alijua amwonee nani huruma, amzomee nani, na zaidi ya yote alijua nani hafi. Sheria ya mle ndani ilikuwa moja, na hata mtoto wa darasa la pili aliyepenya chini ya turubai bila kulipa aliifahamu: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, anaweza kuruka kutoka kwenye ndege, anaweza kulala kwenye tope siku mbili. Hafi.

Nimekua na swali hilo, na nimechelewa sana kugundua kwamba ni swali la maadili. Ukiuliza steringi ni yupi, umeshakubali kwamba yupo mmoja, kwamba huyo mmoja si wewe uliyekaa kwenye benchi, na kwamba wengine wote wanaoonekana ni watu wa kupita. Nataka kuliangalia swali hilo kupitia aina ya picha ninazozipenda kupita kiasi: zile za siasa na njama, zenye rais wa kuuawa, faili la kufichwa, mwandishi wa habari asiyelala, na mtu wa suti anayezungumza taratibu. Nimeziangalia kwa zaidi ya miaka ishirini, nyingine mpaka nazijua kwa moyo. Kwa nini zinanivuta kiasi hiki? Na je, mvuto huo ni wa heri?

Watu hudhani kibandani tulikuwa tunaangalia ngumi tu. Chukua Commando ya mwaka 1985. Mwondolee Arnold Schwarzenegger misuli yake yote, utabaki na nini? Utabaki na Arius, dikteta aliyeng'olewa madarakani katika nchi ya kubuni iitwayo Val Verde, anayetaka kurudi, na ili arudi ni lazima rais aliyepo auawe. Anamteka binti wa John Matrix ili baba mtu alazimike kwenda kuifanya kazi hiyo. Hiyo ni siasa kamili bwana! Ina mapinduzi, ina wahamishwa, ina mauaji ya kiongozi. Tulikuwa tunaimeza pamoja na karanga bila kujua. Na wasimuliaji waliotutafsiria, kina Lufufu huku kwetu na DJ Afro kwa wenzetu wa Kenya, hawakutuacha hivi hivi. Walitutia ndani ya picha, wakampa adui maneno ya kwetu, mpaka ukadhani Val Verde ni kituo cha daladala kinachofuata.

Picha zilizotulia zaidi nilikutana nazo baadaye, nilipokuwa chuoni. Ya kwanza ilikuwa The Day of the Jackal, iliyotengenezwa na Fred Zinnemann mwaka 1973 kutokana na riwaya ya Frederick Forsyth. Niliipata kwenye sidii iliyokwaruzika, ikikwama kila baada ya dakika kumi, na bado sikuinuka. Kisa chenyewe kimeshikwa na historia ya kweli. Mwaka 1962, katika kitongoji cha Petit-Clamart nje ya Paris, wapinzani wa uhuru wa Algeria walilimiminia risasi gari la Rais Charles de Gaulle, na yeye na mkewe wakatoka salama. Aliyeongoza shambulio hilo, Jean-Marie Bastien-Thiry, aliuawa kwa kupigwa risasi mwaka uliofuata. Hapo ndipo riwaya inapochukua nafasi: kundi la OAS, likiwa limechoka kushindwa, linamkodi mgeni asiyejulikana kwa yeyote, ambaye jina lake la kazi ni Jackal.

Sasa angalia kitu cha ajabu. Tunaijua historia. De Gaulle hakuuawa. Alifariki nyumbani kwake mwaka 1970. Kwa hiyo tangu dakika ya kwanza tunajua muuaji atashindwa. Na tunajua ni muuaji wa kukodiwa, mtu asiye na hata chembe ya imani na wanaomlipa. Lakini kuna sehemu ambapo amekwenda msituni kuijaribu bunduki yake. Ananing'iniza tikiti maji mtini, anarudi mbali, analenga. Risasi ya kwanza haifiki pale alipotaka. Anachukua bisibisi, anarekebisha darubini kidogo, analenga tena. Nilipoiangalia mara ya kwanza niligundua nimeshika pumzi, nikimwombea. Nilikuwa naomba risasi ipate. Yaani nilikuwa namwombea muuaji afaulu kujifunza kukipasua kichwa cha mzee wa watu.

Nimewauliza wengi walioiona picha ile, na karibu wote wanakiri hivyo hivyo, wengine kwa aibu, wengine kwa kicheko. Jibu rahisi ni kwamba tunampenda mtu anayeijua kazi yake. Jackal hapayuki, hachelewi, halalamiki. Tumeishi na mafundi wanaosema "njoo kesho" miezi mitatu. Ukimwona mtu ambaye kila alichokiahidi kinatimia saa ile ile, moyo unamfuata kabla akili haijauliza anatimiza nini. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi. Mafundi hodari wapo kwenye picha nyingine nyingi, wanaojenga na wanaopasua wagonjwa, na hatuwaombei kwa namna ile.

Mimi naona adui wa picha za siasa anatupa kitu kingine, nacho ni faraja. Najua neno hilo ni gumu kulimeza. Lakini fikiria maisha ya kawaida ya mwananchi: barabara haikuisha, dawa hazipo, fedha zimepotea, na ukiuliza nani amefanya, unapewa namba ya ofisi nyingine. Hakuna uso. Halafu unakaa mbele ya skrini na unaonyeshwa kwamba kumbe yupo mtu mmoja, ana kiti kirefu, ana simu isiyo na namba, na yote haya ameyapanga yeye. Uovu umepata anwani. Ukishakuwa na anwani, unaweza kufikiwa. Kinachokosekana ni steringi tu wa kwenda kugonga mlango. Hata ile huzuni ya mwisho, pale ambapo njama inashinda, ina utamu wake. The Parallax View ya Alan Pakula, ya mwaka 1974, inavunja sheria ya kibandani: steringi wake, mwandishi wa habari aliyechezwa na Warren Beatty, anakufa huku akibambikiwa mauaji, na tume inatangaza kwamba hapakuwa na njama yoyote. Inatisha. Lakini hata hapo unatoka na uhakika kwamba yuko mtu anayeendesha. Ulimwengu ambao unaendeshwa na waovu unabebeka kuliko ulimwengu ambao hakuna anayeuendesha.

Na maadui hawa wana adabu! Katika Three Days of the Condor ya 1975, muuaji anayechezwa na Max von Sydow ni mtu mpole, mwenye maneno machache na mazuri, na mwishoni anampa steringi ushauri ambao hata mjomba wako hangekupa kwa upendo ule. Nilikuwa nadhani waandishi wa picha wanafanya hivyo kwa ajili ya mapambo. Siku hizi nadhani wanajua siri: tunataka adui awe mtu wa kiwango. Uonevu ukitoka kwa mtu mwerevu hivyo, na sisi tulioonewa tunapanda cheo kidogo. Kuonewa na mtu mzembe, aliyesahau tu kupiga simu, ni fedheha mara mbili.

Wakati naipenda sana picha moja ya aina hii, nilikuwa nafanya kazi ya ukarani wa stoo kwenye mradi mmoja ambao sitautaja, katika mkoa ambao sitautaja. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu vinavyoingia, kulinganisha na hati, kusaini, na kuandika kwenye leja. Mwisho wa mwezi Juni likaja gari la madawati ya shule. Hati ilisema mia moja na ishirini. Nikahesabu. Nikarudia. Bosi wetu, mtu mzima mwenye sauti ya upole, akaja na kusimama mlangoni.

"Kijana wangu, hesabu imetimia?"

"Hapana, mzee. Hati inasema mia na ishirini. Mimi nimeona themanini na sita."

"Gari lilikuwa dogo. Mengine yapo njiani."

"Basi niandike themanini na sita, yakija mengine tuongeze?"

Akaniangalia kama mzazi anavyomwangalia mtoto aliyeuliza jambo la haki kwa wakati mbaya. Akanieleza, bila ukali wowote, kwamba mwaka wa fedha unafungwa siku mbili zijazo, kwamba hati isiyotimia haiwezi kulipwa, na kwamba fedha isiyolipwa inarudi Hazina, na ikirudi tutakosa hata hayo themanini na sita. "Weka sahihi, dereva aondoke kabla ya giza." Huyu alikuwa mtu aliyelipia gari la kumpeleka mama yangu hospitali mwaka uliotangulia, na hakuwahi kunikumbusha. Nikasaini. Mia moja na ishirini, kwa tarakimu na kwa maneno, na muhuri juu yake.

Madawati thelathini na manne hayakuja. Sijui kama yaliwahi kutengenezwa. Mwezi Agosti nilipanda kwenye gari la kusambaza, nikafika shule moja ambako darasa la tatu walikuwa chini sakafuni, daftari zikiwa mapajani. Mwalimu alinikaribisha vizuri, akanipa kiti chake, akaniambia wamejulishwa kwamba awamu ya pili inakuja. Nikasema ndiyo. Baadaye mkaguzi wa hesabu alikuja, akafungua leja, akaikuta sahihi yangu, akaridhika.

Nieleze sasa nilikuwa naangalia nini jioni za miezi ile. All the President's Men. Ndiyo, ile ile, ya mwaka 1976, ya Pakula huyo huyo, ambamo Robert Redford na Dustin Hoffman ni Bob Woodward na Carl Bernstein, waandishi vijana wa gazeti la Washington Post wanaofukua kashfa ya Watergate. Nilikuwa nimeiona mara tatu, na mara ya nne niliirudia wiki hiyo hiyo ya madawati, nikiwa nimelala chali, laptopu kifuani. Nilipenda ule mwanzo ambao herufi za mashine ya chapa zinagonga karatasi kwa mlio uliochanganywa na mlio wa bunduki. Nilipenda jinsi chumba cha habari kilivyokuwa na mwanga mweupe usio na kivuli, na nje kote ni giza. Na katika picha nzima, sikuwahi hata dakika moja kuwa na shaka mimi ni nani. Mimi nilikuwa Redford. Nilikuwa nimesaini mia na ishirini mchana, na usiku nikawa Redford.

Hapo ndipo lilipo tatizo langu na mvuto wa picha hizi, na sisemi tena juu ya watu wengine. Steringi alinipokea bila kuniuliza chochote. Hakudai risiti. Nilimpenda, na kwa kumpenda nilijihesabia haki aliyoitafuta yeye. Adui naye alinisaidia upande wa pili: kwa kuwa sikufanana hata kidogo na watu wa Ikulu ya Nixon, kwa kuwa sikuwa na suti wala dhamira mbaya, basi bila shaka nilikuwa upande mwema. Kati ya steringi na adui, mtu wa stoo hana kiti. Anaangalia picha yenye pande mbili, anachagua ulio mzuri, analala.

Lakini picha yenyewe, nikiitendea haki, ilikuwa imeniwekea kiti, na mimi ndiye niliyekiruka mara nne. Yupo mwanamke mmoja katika All the President's Men ambaye hatajwi hata jina. Kwenye orodha ya wahusika anaitwa tu mtunza vitabu vya hesabu. Alichezwa na Jane Alexander, na kwa muda mfupi aliomo alipendekezwa kuwania tuzo ya Oscar. Kazi yake ilikuwa kuandika hesabu katika kamati ya kampeni ya rais. Bernstein anafika kwake jioni, anajipenyeza kwa lugha tamu, anaomba kahawa, anaomba tena kahawa, ilimradi asifukuzwe. Mama yule amekaa kwenye kochi, amejikunja. Hana uovu wowote. Aliandika alichoambiwa aandike, na sasa anajua fedha zile zilikwenda wapi, na anaogopa. Anawapenda baadhi ya watu wa ofisini kwake. Anadhani mmoja wao ni mwaminifu na anaonewa. Majina hataki kuyataja. Mwishoni anakubali kutaja herufi za kwanza tu.

Watu hukumbuka picha hii kwa sababu ya maegesho ya magari ya chini ya ardhi, ule mwanga wa sigara, na yule mtoa siri gizani. Hukumbuka pia ule ushauri wa kufuata njia ya fedha, ambao kila semina ya waandishi wa habari hapa kwetu lazima iutaje, na ambao kumbe haumo katika kitabu cha Woodward na Bernstein. Uliandikwa kwa ajili ya filamu, na mwandishi wake William Goldman. Lakini ukitaka kujua njama ile ilifunguka vipi, kaa kwenye lile kochi. Mtoa siri wa gizani aliwaambia waandishi kwamba wako kwenye njia sahihi. Yule mama ndiye aliyekuwa na leja.

Mimi sikutaja hata herufi moja. Mkataba wangu ulipoisha niliondoka, nikaagwa kwa soda na keki.

Na huyo mtu wa maegesho, steringi wa kivuli? Kwa miaka zaidi ya thelathini dunia ilimjua kwa jina la siri la Deep Throat, mpaka mwaka 2005 alipojitokeza: W. Mark Felt, aliyekuwa mtu wa pili kwa cheo katika FBI. Mkurugenzi wa muda mrefu, J. Edgar Hoover, alifariki Mei 1972, na kiti ambacho Felt alikitarajia akapewa mtu mwingine. Mwezi uliofuata ukatokea uvunjaji wa Watergate. Mwaka 1980 Felt huyo huyo alitiwa hatiani kwa kuidhinisha maofisa wake kuingia kwa siri, bila kibali cha mahakama, katika nyumba za watu waliohusishwa na kikundi cha Weather Underground. Mwaka uliofuata Rais Reagan akamsamehe. Kwa hiyo mtu aliyesaidia kufichua kuvunja mlango wa watu alikuwa, wakati ule ule, akiidhinisha kuvunja milango ya watu. Nilipoyasoma hayo sikumchukia. Nilihisi kama mtu aliyewashiwa taa. Alitenda jema kubwa, pengine kwa kinyongo, huku mkono wake mwingine ukifanya baya lile lile. Picha ilifanya vizuri kumweka gizani. Mwangani asingeenea kwenye nafasi aliyopewa.

Nilimsomea rafiki yangu mmoja, mwanasheria, rasimu ya mambo haya. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema: "Unajilaumu ili ujione wa maana. Na ukishasema kila mtu ana hatia, umemfanyia aliyekula hela ya madawati kazi nzuri sana." Alinichoma, na nadhani ana haki kwa zaidi ya nusu. Yapo maandishi mengi yanayopenda kusema kwamba uovu ni jambo la makarani. Hannah Arendt alikwenda Jerusalem mwaka 1961 kufuatilia kesi ya Adolf Eichmann, akarudi na sura ya mtu wa ofisi asiyefikiri, na tangu hapo kila msomi anaiazima sura hiyo. Wanahistoria waliokuja baadaye wameonyesha kwamba Eichmann aliamini alichokifanya, tena kwa moto. Karani alikuwa kinyago kizuri cha kuvaa mahakamani. Sisi tunaopenda kusema "mfumo" tukumbuke hilo.

Kwa hiyo nimpe rafiki yangu haki yake kwa kumtaja Z. Hii ni filamu ya Costa-Gavras ya mwaka 1969, na kama hujawahi kuiangalia, acha kusoma hapa ukaitafute. Mwezi Mei 1963, mjini Thessaloniki nchini Ugiriki, mbunge mpenda amani aitwaye Grigoris Lambrakis alipigwa kichwani na watu waliokuwa kwenye gari la magurudumu matatu, polisi wakiwa wamejaa pale, akafariki siku chache baadaye. Vassilis Vassilikos aliandika riwaya juu ya kisa hicho, na Costa-Gavras akaigeuza picha, akaipiga Algiers kwa sababu Ugiriki yenyewe ilikuwa imeshikwa na makanali wa kijeshi tangu 1967. Ndiyo maana Oscar ya filamu bora ya kigeni ilikwenda kwa jina la Algeria. Picha inaanza kwa kumgeuza chini juu yule wakili anayeandikaga kwamba kufanana na watu wa kweli ni bahati mbaya: hapa wanakutangazia kwamba kufanana huko ni kwa makusudi.

Katika Z adui yupo, ana cheo, ana nyota mabegani. Na anayemkabili ni hakimu mchunguzi kijana, aliyechezwa na Jean-Louis Trintignant, mtu wa miwani asiye na chama, asiyetabasamu, ambaye mwanzoni hata haamini kwamba kulikuwa na njama. Silaha yake ni karani anayepiga chapa pembeni. Wakubwa wanaitwa mmoja mmoja, na kila mmoja anaulizwa kama anavyoulizwa mwizi wa kuku: jina la ukoo, jina la kwanza, kazi. Wanapoambiwa mashtaka wanatoka kwa hasira, na kila mmoja anakimbilia mlango usio sahihi, uliofungwa. Kibandani kwetu pangelipuka. Mimi mwenyewe husimama. Hapa mvuto wa steringi na adui hauna uongo ndani yake. Watu walifanya njama, mtu akafa, na mtu mwingine akakataa kuandika kisichokuwepo.

Kisha, dakika chache tu baada ya furaha hiyo, unaambiwa yaliyofuata: mashahidi wanakufa mmoja baada ya mwingine, wakubwa wanaponea chupuchupu, hakimu anaondolewa, makanali wanachukua nchi na kupiga marufuku orodha ndefu ya vitu, mpaka na herufi Z yenyewe. Nje ya picha, hakimu halisi wa kesi ile, Christos Sartzetakis, alifukuzwa kazi na utawala huo, akakamatwa na kuteswa. Mwaka 1985 akawa Rais wa Ugiriki. Sheria ya kibandani ilitimia, ila ilichukua miaka ishirini na miwili, na katikati hapakuwa na muziki wa kumwambia mtazamaji avumilie.

Kinachonigusa zaidi kwa hakimu yule ni udogo wa alichokifanya. Hakuvamia ngome. Polisi walikuwa wanataka neno "ajali" liandikwe, na yeye akaacha kuliandika alipoona haliendani na alichokiona. Kule stooni tofauti ilikuwa kati ya themanini na sita na mia na ishirini. Najua si kitu kimoja. Hakuna aliyekuwa amekufa sakafuni kwangu. Ila nikiulizwa ni wapi nilipoweza kuwa katika picha yoyote ya siasa, ni pale tu, kwenye mstari mmoja wa hati, kabla ya giza, dereva akinisubiri huku injini inanguruma. Sikupatambua kwa sababu nilikuwa nimezoea kumtafuta steringi kwa sura yake, na hapakuwa na sura hapo, palikuwa na kalamu ya bluu imefungwa kamba kwenye meza.

Mwezi uliopita nilikuwa naiangalia tena All the President's Men, safari hii na mpwa wangu wa miaka kumi na miwili, ambaye alikuwa anangoja umeme wa kwao urudi. Alivumilia kwa heshima tu. Mwanzoni kabisa, usiku wa tarehe 17 Juni 1972, mlinzi Mweusi anapita kwenye ngazi za jengo la Watergate na kuona selotepu imebandikwa kwenye kitasa ili mlango usijifunge. Anapiga simu polisi. Mchana wote wa historia uliofuata, pamoja na kujiuzulu kwa Nixon miaka miwili baadaye, umepita katika mlango huo. Mlinzi yule ni Frank Wills, na katika filamu hakuigizwa na mtu mwingine. Ni yeye mwenyewe, amekuja kurudia mbele ya kamera alichokifanya kazini. Katika usiku ule wa kweli aliikuta selotepu mara ya kwanza akaibandua, akaendelea na lindo, na aliporudi akaikuta imebandikwa tena, ndipo akapiga simu. Maisha yake baadaye hayakunyooka. Alihangaika kupata kazi ya kudumu, na alifariki mwaka 2000 akiwa maskini, ana miaka 52.

"Mjomba," mpwa wangu akauliza, "steringi ndiye huyu?"

Nikamwambia ndiye.

Akakaa vizuri, akamsubiri. Redford akatokea, Hoffman akatokea, simu zikaanza kulia, na baada ya kama nusu saa akaniuliza tena yule mlinzi anarudi saa ngapi.

"Harudi," nikamwambia.

Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa mkanda mbovu. Umeme wa kwao ukarudi, akaniaga.